Mlango wa Pili wa Uwanda: Historia ya Njia za Kukimbilia Kyela na Ngana

Nyumba kongwe za mwambao, kuanzia Lamu hadi Unguja, aghalabu zilijengwa na milango miwili. Wa mbele ulinakshiwa, ukapigwa misumari ya shaba, ukawa fahari ya mwenye nyumba na kipimo cha mali yake. Wa nyuma ulikuwa mbao tupu, ukitoka uani, ukipitwa na wenye ndoo, kuni na mazungumzo yasiyotakiwa barazani. Hakuna mgeni aliyeusifu. Lakini siku moto uliposhika ukumbini, ni huo uliotoa watu wakiwa hai.

Mfano huu wa nyumba unafaa kuchukuliwa safari ndefu, kutoka visiwani hadi pembe ya kusini-magharibi ya Tanzania, kwenye uwanda wa Kyela. Wengi wa wakaazi wa visiwani hawajapata kuufika, ingawa mchele wake wenye harufu nzuri wanaujua kwa jina na kwa ladha. Uwanda ule umefanywa na historia kuwa nyumba ya mlango mmoja. Barabara zake zilichorwa kwa ajili ya mizigo, askari na meli, na hazikupata kuchorwa kwa ajili ya siku ya kukimbia. Huko magharibi, kwenye kata ya Ngana, ndiko ulipo ule ambao ungeweza kuwa mlango wa pili.

Kwanza itazamwe ardhi yenyewe. Ziwa Nyasa limelala katika Bonde la Ufa, na ncha yake ya kaskazini imezungukwa na milima kwa pande tatu. Mashariki imesimama Milima ya Livingstone kama ukuta. Kaskazini umeinuka Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960. Magharibi viko vilima vya Bundali, vilivyomo leo katika wilaya ya Ileje. Katikati ya milima hiyo na maji ndipo ulipo uwanda, wenye kimo cha mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani mita chache tu juu ya ziwa. Kutoka kilele cha Rungwe hadi ufukweni ni karibu kilomita 50, na katika masafa hayo mafupi maji huteremka zaidi ya mita 2,400. Mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huja kwa kasi kutoka juu, hufika penye tambarare ikapoteza mwendo, hutua matope iliyoyabeba, kisha hutafuta pa kupita. Mvua ya huko ni miongoni mwa mvua kubwa kabisa za Tanzania, na masika yake hushika sana kati ya Machi na Mei. Matope yale yale yanayolisha mpunga na kakao ndiyo yanayojaza vitanda vya mito, na mto uliojaa kitandani hutoka kitandani. Neema ya Kyela na hatari yake ni maji mamoja.

Wanyakyusa waliokaa hapo kabla ya bendera yoyote ya kigeni waliijua tabia hiyo. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa mila na desturi, waliishi miongoni mwao kati ya mwaka 1934 na 1938, na Monica akachapisha kitabu cha kwanza cha utafiti huo mwaka 1951. Waliyoyaandika yanajulikana zaidi kwa habari ya vijiji vya marika, ambamo vijana wa hirimu moja waliondoka nyumbani kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe. Lakini liko jambo jingine katika maelezo yao lifaalo kukumbukwa: kwa Mnyakyusa, kuhama halikuwa jambo la ajabu. Nyumba zilikuwa za mianzi, nyepesi kujengwa upya, na mtu aliyeondoka kijiji kimoja alitafuta kingine chenye watu wa kumpokea. Yaani njia ilikuwa na ncha mbili. Pa kutokea palijulikana, na pa kufikia palijulikana vilevile.

Na sababu za kuhama hazikuwa maji peke yake. Kusini-mashariki ya Rungwe upo mlima Kyejo, ambao wanasayansi wa volkano hukadiria kuwa ulimwaga lava kwa mara ya mwisho kiasi cha mwaka 1800, yaani katika muda ambao kumbukumbu za mababu huweza kuufikia. Ardhi nayo hutikisika. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa, upande wa kaskazini-magharibi, lilipigwa na tetemeko ambalo nguvu yake hukadiriwa kuwa 7.4, nalo huhesabiwa kuwa kubwa kuliko yote yaliyopimwa katika Afrika ya Mashariki kwa karne nzima ya 20.

Uhuru ule wa kuhama ulianza kufungwa tarehe 1 Julai 1890, siku Uingereza na Ujerumani zilipotia saini mapatano ambayo watu wa Unguja huyakumbuka kwa sababu nyingine, maana ndiyo yaliyoiweka Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza. Hati hiyo hiyo iliufanya mto Songwe kuwa mpaka. Upande mmoja walibaki Wanyakyusa, upande wa pili Wangonde, watu ambao lugha zao ni karibu moja na ambao simulizi zao huwataja Lwembe wa Wanyakyusa na Kyungu wa Wangonde kuwa wa asili moja, kutoka Ukinga. Waliopiga mstari huo hawakufikiri kwamba wanatumia kama kalamu kitu chenye miguu. Songwe hubadili njia. Masika yakiwa makali hukata kona yake, huacha kitanda cha zamani na kuchimba kipya, na mkulima aliyelala na shamba lake nchi moja huamka shamba liko ng'ambo. Kabla ya 1890 mtu aliyesukumwa na maji kutoka Ngana angeweza kuvuka kwa ndugu zake bila kuulizwa. Baada ya hapo, njia fupi kuliko zote ya kukimbilia ilikuwa imegeuka kuwa suala la dola mbili.

Kisha zikaja barabara. Mwaka 1893 Wajerumani walianzisha kituo chao cha utawala ufukweni mwa ziwa, wakakiita Langenburg. Joto na homa viliwasumbua, na ilipoanza karne ya 20 makao yalikuwa yamekwisha kuhamishiwa mlimani, mahali walipopaita Langenburg Mpya, ambapo leo ni Tukuyu. Kwa maneno mengine, uhamishaji wa kwanza uliopangwa kiserikali katika nchi ile ulikuwa wa maofisa, nao walipanda juu. Waliobaki chini walibaki na barabara iliyounganisha ofisi ya juu na bandari ya chini, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa uti wa mgongo wa mambo yote.

Vita vikaikaza. Tarehe 13 Agosti 1914 boti ya Waingereza iliishambulia meli ya Kijerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, huko Liuli, upande wa mashariki wa ziwa. Septemba 9 majeshi ya Kijerumani yaliyovuka Songwe yalipigana na Waingereza Karonga, yakashindwa. Mwezi Mei 1916 jeshi la Jenerali Northey lilivuka Songwe kwa upande wa pili na kuitwaa Tukuyu. Kila mkuu wa jeshi alihitaji njia ya kuteremsha au kupandisha vyakula na risasi, na njia zilizofaa kwa hilo ndizo zilizopanuliwa.

Amani iliporudi, barabara iliendelea na utumishi ule ule. Iliteremka kuelekea bandari ya Itungi kwa ajili ya meli za ziwa, kuelekea mashamba ya mpunga na kakao, na kuelekea Kasumulu penye daraja la kwenda Malawi. Leo barabara kuu ya lami hutoka Uyole, karibu na jiji la Mbeya, hupita Tukuyu, huteremka hadi uwandani na kuishia mpakani. Katika mwongo wa 2010 tawi la kwenda Ipinda na Matema nalo lilianza kutiwa lami. Ni kazi nzuri na yenye manufaa. Lakini ukiichora ramani yote juu ya karatasi utaona umbo la mti: matawi mengi chini, shina moja juu. Mkaazi wa Matema, wa Ipinda, wa mji wa Kyela, wa Kasumulu na wa Ngana, kila mmoja akitaka kupanda kwa gari kwenda mlimani, hukutana na mwenziwe kwenye shina hilo.

Hapa ni vyema kueleza jinsi barabara ya uwandani inavyokufa. Barabara ya tambarare hujengwa juu ya tuta ili isizame. Tuta likikatiza mwelekeo wa maji huwa boma, na maji hujikusanya upande wa juu yakisubiri kupita kwenye makalvati. Kalvati likizibwa na magogo na migomba, maji huupanda mgongo wa barabara, huanguka upande wa pili, na kule yanakoanguka hulichimba tuta kutoka chini. Daraja lenyewe, likiwa la zege, mara nyingi husimama. Kinachokwenda ni udongo wa miingilio yake miwili. Ndipo huonekana kile kioja cha daraja zima lililosimama peke yake katikati ya mto, halina mwanzo wala mwisho. Kwa hiyo barabara iliyoinuliwa vibaya huweza kuzidisha mafuriko kwa walio juu yake, kisha ikakatika saa ile ile inapohitajiwa.

Kwamba njia huua kuliko janga lenyewe si maneno ya kutia chumvi. Mwaka 2002 ulitoa mifano miwili katika siku kumi. Tarehe 17 Januari mlima Nyiragongo ulipasuka, na lava ikaingia mjini Goma, mashariki ya Kongo, mji ambao Kiswahili ni lugha ya soko lake na ya nyumba zake. Lava ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikaukata vipande viwili, na mamia ya maelfu ya watu wakatoka kwa miguu, wengi wao kuelekea Gisenyi, Rwanda. Tarehe 27 Januari, ghala la silaha la kambi ya Ikeja, Lagos, lilishika moto na kulipuka. Watu zaidi ya elfu moja walifariki, na wengi wao hawakuguswa na mlipuko. Walikimbia gizani wakaangukia mfereji wa Oke-Afa, uliofunikwa na magugu maji hata ukaonekana kama uwanja. Walikufa kwa kukosa kujua njia inakwenda wapi.

Tanzania nayo ilionja uchungu wa namna hiyo, ghala la silaha lilipolipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, kisha Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Maelfu ya watu wa Dar es Salaam walikimbia usiku ule wa 2011, wazazi wakipotezana na watoto, na wengi wakahifadhiwa katika uwanja wa michezo wa taifa. Waliofika hapo walifika kwa sababu uwanja unajulikana na kila mtu. Hilo ni fundisho dogo lenye thamani kubwa: pa kukimbilia pawe mahali ambapo hata mtoto anapajua kwa jina kabla ya siku yenyewe.

Goma ilijaribiwa tena. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka bila onyo. Katika hesabu ya mwanzo iliyotolewa na serikali walikuwamo watu 15 waliokufa, na 9 kati yao walikufa kwa ajali ya gari wakiwa wanakimbia. Walioungua walikuwa 2. Lava iliifunika barabara ya kwenda Rutshuru, mlango wa kaskazini ukawa umefungwa. Siku tano baadaye, Mei 27, mamlaka ziliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame kwa hofu ya mlipuko mwingine. Wengi walielekezwa Sake, mji mdogo ulioko kilomita 25 hivi upande wa magharibi, ambao haukuwa na maji wala malazi ya kuwatosha wote. Wengine walivuka tena Rwanda, wengine wakapanda maboti kwenda Bukavu. Amri ilikuwa wazi, na barabara ilikuwapo, lakini mwisho wa barabara haukuandaliwa.

Wala mali peke yake haiondoi tatizo. Septemba 2005, majuma machache baada ya tufani ya Katrina, tufani nyingine iliyoitwa Rita iliielekea Houston, Marekani. Watu zaidi ya milioni mbili waliondoka, karibu wote kwa magari yao. Foleni ilisimama kilomita nyingi, katika joto kali, magari yakaisha petroli. Kati ya watu zaidi ya 100 waliokufa kwa ajili ya Rita, wengi walikufa katika kule kuhama, wakiwamo wazee 23 ambao basi lao lilishika moto barabarani. Tangu hapo wapangaji walijifunza kuyasema mapema mambo manne: pande zote mbili za barabara zigeuzwe kuelekea nje; walio hatarini zaidi waanze kutoka na wengine wasubiri zamu yao; petroli na maji viwekwe njiani; na asiye na gari, mgonjwa na mzee, ahesabiwe kwanza badala ya mwisho.

Mambo hayo manne yakipelekwa Kyela, huonekana lipi linafaa na lipi halifai. Watu wengi wa uwandani hawana magari. Watatembea, au watapanda baiskeli na bodaboda, wakiwa na watoto, na wengine wakiwa na ng'ombe, maana mfugaji hawezi kumwacha ng'ombe wake kwa amri ya ofisa. Kwao njia ya kukimbilia ni ile ambayo mtu mwenye mtoto mgongoni anaweza kuimaliza kabla ya usiku. Kwa kipimo hicho mji wa Tukuyu ni mbali mno, na vilima vya karibu ni bora kuliko barabara nzuri.

Hapo ndipo Ngana inapopata maana yake. Jina hili limo katika ramani za wanajiolojia kwa sababu ya makaa ya mawe yaliyomo chini ya ardhi yake, na katika orodha za ujenzi kwa sababu ya barabara itokayo Katumba Songwe, ikapita Kasumulu na Ngana hadi Ileje, yenye urefu wa karibu kilomita 90. Kwa miaka mingi barabara hiyo imekuwa ikitajwa miongoni mwa zinazosubiri lami, na ikitajwa hutetewa kwa makaa, kwa mazao na kwa biashara ya mpakani. Ni sababu za haki. Lakini ikitazamwe kwa jicho la siku ya maafa, barabara hiyo ni ya namna nyingine kabisa: ni njia itokayo uwandani bila kupita kwenye lile shina la Tukuyu. Shina likikatika, kwa mafuriko au kwa maporomoko, upande wa Ngana ndio unaobaki. Huo ndio mlango wa uani.

Mlango huo hautafaa kwa kutiwa lami tu. Ukifuata ukingo wa Songwe bila kuinuliwa ipasavyo, utazama pamoja na ule wa mbele siku ile ile, na nyumba itakuwa na milango miwili yenye kufuli moja. Aidha, kupanda mlimani si kuokoka moja kwa moja. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliuangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Kilima cha kukimbilia lazima kichaguliwe kwa kuuliza maji ya kilima hicho nayo hupita wapi. Na tetemeko halina haja ya kilima. Desemba 2009, wilaya ya Karonga, ng'ambo tu ya Songwe, ilipotikiswa mara kwa mara kwa majuma kadhaa, watu walilala nje, na uwanja wa wazi ndio uliokuwa kimbilio. Mahali pamoja huhitaji njia mbili kwa majanga mawili, na kila mwenyeji apaswa kujua ipi ni ya lipi.

Sheria hazikukosekana. Tanzania ilitunga sheria ya kuratibu misaada ya maafa mwaka 1990, ikaibadili kwa sheria ya usimamizi wa maafa mwaka 2015, na kutunga nyingine mwaka 2022, zenye kuweka kamati hata katika ngazi za chini. Juu ya mto wenyewe, Tanzania na Malawi zilitia saini mkataba wa bonde la Songwe mwaka 2017, wenye nia ya mabwawa, umeme, umwagiliaji na kupunguza mafuriko. Karibu miaka 130 baada ya mto kufanywa ukuta, dola mbili zilikubali kuuita bonde la pamoja. Bado makubaliano hayo yanangoja kushuka hadi kwenye jambo dogo linalomhusu mama wa Ngana: je, usiku wa mafuriko, akiwa na wanawe, anaruhusiwa kuvuka kwa shangazi yake bila kuulizwa karatasi, na shangazi huyo je, ameambiwa amtarajie?

Watu wa visiwani wana sababu ya kulielewa swali hili. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi bandarini, zikiwamo meli za Sultani Barghash, na kung'oa mikarafuu kwa maelfu. Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika, na Pemba ndiyo iliyobeba karafuu za Zanzibar baadaye. Kisiwa kimoja kilinusurika, uchumi wa viwili ukapona. Nyumba ilikuwa na mlango wa pili, ijapokuwa haukujengwa na mtu.

Kyela haiwezi kungoja bahati kama hiyo. Wazee wa Ngana wanajua maji hupita wapi kwanza, ni mwinuko gani haukupata kuzama tangu wazaliwe, na ni njia gani ya miguu hupandisha Bundali bila kuvuka mto. Mhandisi anajua upana wa kalvati na kimo cha tuta. Elimu hizi mbili zikikaa meza moja kabla ya lami kumwagwa, barabara ile itachukua makaa na kakao siku za amani, na siku moja ya masika itachukua watu. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Nao, walipojenga, waliweka mlango wa nyuma kwanza wakijua kwamba hautasifiwa na mtu.